NGC 1365: dhana potofu kuhusu pau, shimo jeusi na kiini chake

Galaksi NGC 1365 iko katika kundinyota la Tanuri, ambalo ramani za anga huliandika Fornax, umbali wa karibu miaka-nuru milioni 60. Upana wake unakaribia miaka-nuru 200,000. Katikati inakatizwa na pau ndefu ya nyota, mikono miwili iliyojipinda inaanzia kwenye ncha za pau hiyo, na kiini chake ni amilifu, cha aina iitwayo Seyfert: gesi inayoliangukia shimo jeusi la katikati hukifanya king'ae sana. Picha zake zimeenea sana. Maelezo yanayoandamana nazo ndiyo yenye kasoro.

"Shimo jeusi linaimeza galaksi nzima."

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote. Shimo jeusi la NGC 1365 lina uzito wa takriban Majua milioni 2, pungufu ya lile la galaksi yetu, Njia Nyeupe, lenye milioni 4. Mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi hauzidi kilomita milioni 6 kutoka katikati, yaani kama sehemu moja ya kumi ya umbali kati ya Jua na Utaridi. Mbali na hapo, mvuto wake ni sawa na wa kitu kingine chochote chenye uzito huohuo. Nyota hulizunguka shimo, hazifyonzwi.

Ukweli ni kwamba kulilisha shimo jeusi ni kazi ngumu. Gesi inayozunguka galaksi haiwezi kushuka katikati mpaka ipoteze mwendo wake wa kuzunguka, na hapo ndipo pau inapofanya kazi. Mvuto wa pau hauko sawa pande zote, hivyo gesi inayopita humo hugongana na nyingine, hubanwa na kupunguza mwendo. Ile mistari myeusi ya vumbi inayoonekana kwenye pau ni alama ya migongano hiyo.

"Basi kila galaksi yenye pau ina kiini amilifu."

Hapana. Gesi ikishashuka kwenye pau hukwama katika pete inayozunguka kiini, maelfu ya miaka-nuru upana wake, na sehemu kubwa huishia kuzaa nyota. Darubini ya James Webb, ambayo hupokea mwanga wa infraredi unaopenya vumbi, imeonyesha humo vishada vya nyota changa vyenye uzito mkubwa. Kutoka kwenye pete hadi kwenye shimo bado safari ni ndefu, na kinachofika ni kidogo mno. Galaksi yetu nayo ina pau, lakini kiini chake kimetulia.

Pau yenyewe si fimbo ya nyota zilezile zilizoshikamana. Kila nyota ina njia yake iliyorefuka kufuata pau.

"Mwanga wa kiini unatoka ndani ya shimo."

Unatoka kwenye sahani ya gesi inayolizunguka, iliyochemka kwa msuguano kabla ya kuingia. Njia hii hugeuza kati ya asilimia 6 na 42 ya maada kuwa nishati, kutegemea shimo linazunguka kwa kasi gani. Muungano wa hidrojeni ndani ya nyota hufikia asilimia 0.7 tu. Vipimo vya darubini za eksirei NuSTAR na XMM-Newton vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba shimo hili linazunguka kwa angalau asilimia 84 ya kikomo cha mzunguko wa shimo jeusi.

"Kiini kikififia, kimezimika."

Mwaka 2006 darubini ya Chandra ilishuhudia eksirei za kiini zikizibwa na kufunguka tena ndani ya siku chache. Chakula hakikuwa kimekwisha: wingu zito la gesi lilikatiza mbele. Wala nuru mpya ndani ya galaksi si lazima itoke kwenye kiini. SN 2012fr, ya Oktoba 2012, ilikuwa supanova, nyota iliyolipuka pembeni.

"Umbali wake ulipatikana kutokana na kasi yake."

Inatukimbia kwa kilomita zipatazo 1,600 kwa sekunde, lakini imo katika kishada cha galaksi zinazovutana, na mvutano huo huvuruga hesabu. Darubini ya Hubble ilipima nyota zake za Sefeidi, ambazo muda wa kufifia na kung'aa kwake hufichua mwangaza wao halisi; ukiulinganisha na mwangaza unaoonekana kwetu, unapata umbali.

"Ukiwa na darubini utaona rangi za kwenye picha."

Utaona ukungu wa kijivu. Jumla ya mwangaza ni magnitudo 9.6 hivi (katika kipimo hiki namba kubwa ni mwanga hafifu zaidi), lakini imetandazwa kwenye dakika 11 za tao, kama theluthi moja ya upana wa Mwezi mpevu. Darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 20 chini ya anga jeusi huonyesha kiini na dalili za pau. Kuona mikono, anza na sentimita 25 au 30, ukuzaji wa mara 80 hadi 120, na utazame kando kidogo ya kitu chenyewe. Katikati ya Novemba huwa juu kabisa angani karibu saa sita usiku. Mwishoni mwa Desemba, karibu saa tatu. Kwa kuwa iko nyuzi 36 kusini mwa ikweta ya anga, kaskazini ya latitudo 54 haichomozi kabisa. Usinunue kichujio cha nebula kwa ajili yake: nyota hutoa mwanga wa rangi zote, kwa hiyo kichujio kitaififisha galaksi pamoja na anga.