Je, wajua kwa nini kichupa cha damu chenye kifuniko cha bluu kisichojaa huharibu majibu ya INR?

Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, hana budi kupimwa INR mara kwa mara, yaani kuona damu yake inachukua muda gani kuganda. Dar es Salaam utawakuta wengi Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Mwenye bonge la damu mguuni hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye valvu bandia huweza kuhitaji zaidi ya hapo.

Sasa majibu yanakuja 4.8, na wiki iliyopita mtu huyo alikuwa 2.6. Wengi hukimbilia kumsema mgonjwa kwamba kazidisha vidonge. Namba ikipanda, damu huchelewa kuganda, hivyo muuguzi makini humkagua kwanza kama anavuja damu: fizi, mkojo mwekundu, choo cheusi, kichwa kuuma ghafla. Likiwepo mojawapo, daktari anaitwa papo hapo. Lisipokuwepo, anauliza: kichupa kilijaa?

Kile chenye kifuniko cha bluu kina sitrati, inayoshika kalisiamu ili damu isigande njiani. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Maabara huongeza kalisiamu, kisha huhesabu sekunde hadi damu igande. Damu ikiwa pungufu, sitrati inazidi, inameza hata kalisiamu iliyoongezwa, na sekunde zinarefuka bure. Kumimina vichupa viwili vya nusu nusu kwenye kimoja ndiyo kuharibu kabisa, maana sitrati inakuwa maradufu. Na ukitumia sindano yenye mrija, hewa ya mrijani hutangulia kuingia, ndiyo maana kichupa cha kwanza hutupwa.

“Sista, mbona unanitoboa tena?”

“Pole baba, damu ya mwanzo haikufika kwenye mstari.”

Kama kilijaa, ulizia dawa. Flagyl na Septrin hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, nayo huishusha pia, lakini hakuna haja ya kuviacha: tatizo ni kula sahani tele wiki hii na wiki ijayo kutogusa kabisa.

Daktari akibadilisha dozi leo, usitarajie namba mpya kesho asubuhi. Protini za kugandisha zilizokwisha tengenezwa bado zinazunguka mwilini, na badiliko huanza kuonekana baada ya siku 2 au 3.