Insulini si sindano ya kukata tamaa

Uganda utasikia watu wakisema: mgonjwa wa kisukari akishaanza insulini, mwili huizoea na kifo kimekaribia. Si kweli, na imani hii inaua.

Insulini ni homoni ambayo mwili hujitengenezea kwenye kongosho, nyuma ya tumbo. Ukila matoke au posho (ugali), wanga hugeuka glukosi. Kongosho huachilia insulini kwenye damu, nayo huifanya misuli na mafuta yapokee glukosi hiyo, na ini liweke akiba. Usiku, ukiwa umelala bila kula, homoni nyingine iitwayo glukagoni huliamuru ini litoe akiba hiyo, na insulini kidogo huzuia lisipitilize.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya 1, ambaye kongosho lake halitengenezi insulini au hutengeneza kidogo mno, huruka sindano zote kwa sababu "leo sijala". Ini haliachi kumwaga sukari, mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inajaa asidi: kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu, kisha kuzirai. Huyo akimbizwe hospitali. Siku ya kutokula, dozi hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari. Ile ya insulini inayofanya kazi kutwa nzima haiachwi kabisa.

Mgonjwa wa aina ya 2, ambaye mwili wake hauitumii insulini vizuri, hufika kwenye sindano kwa sababu kongosho limechoka baada ya miaka mingi. Sindano inalisaidia, hailiui.

Kama huna friji, chupa ya insulini inayotumika ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. Aina nyingi za insulini hudumu hivyo takriban wiki 4. Iliyoganda kwa barafu itupe.