Kupunguza Sauti Siyo Kupunguza Nguvu ya Amplifaya

Wiki hii nimemsikia tena mpiga gitaa aliyejiundia amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme) akieleza kwamba "ameipunguza nguvu", ilhali alichofanya ni kurudisha nyuma kitufe cha sauti. Nguvu ya amplifaya, ambayo hupimwa kwa wati, ni kiasi cha nishati ya umeme ambacho valvu zake za mwisho zinaweza kuipa spika kila sekunde kabla mawimbi hayajaanza kukatwa vichwa, yaani vilele vyake kubapa na mlio kukwaruza. Kitufe cha sauti hugawanya tu volti ya mawimbi ya gitaa kabla hayajazifikia valvu hizo. Wati zinazofika kwenye spika hupungua, lakini uwezo wenyewe unabaki pale pale.

Naamini kosa hili limelelewa na lugha yetu. Sauti, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, limebeba koo la mwimbaji, mlio wa ngoma na pia ukubwa wa mlio huo, ndiyo maana tunasema "ongeza sauti" bila kueleza zaidi. Nguvu nayo imevuka mpaka: mtu asiyesikia vizuri huambiwa "sema naye kwa nguvu", na redio ya jirani "inapiga kwa nguvu". Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya wowote, lakini mezani kwa fundi maneno haya mawili yakishageuka kuwa moja, hesabu zote zinapotea.

Zinapotea kwa sababu sikio halihesabu kama mita. Ukitoka wati 30 hadi wati 15 umeshuka desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida kidogo, na ili asikie kama sauti imepungua kwa nusu itabidi ushuke hadi wati 3 hivi. Kinyume chake, spika yenye usikivu wa desibeli 100, yaani sauti inayoitoa kwa wati moja tu, ukiiweka mahali pa ile ya 97 ni sawa na kuongeza wati maradufu, bila kugusa hata waya mmoja ndani ya sanduku.

Mpiga gitaa anahitaji tofauti hii kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ule mkwaruzo mtamu anaoutafuta hutoka pale valvu za mwisho zinapofikishwa kikomo. Amplifaya yangu ina valvu mbili za mwisho aina ya EL84, kama wati 15, na chumbani kwangu kitufe kikiwa kwenye 2 mlio huwa mwembamba. Ili valvu zifike kikomo bila spika kupiga kelele, nimefunga atenyueta, kifaa kinachogeuza sehemu ya nguvu kuwa joto, kati ya spika na transfoma ya kutolea, ile inayopeleka nguvu ya valvu kwenye spika; ni ya omu 8, ili transfoma isikose mzigo hata kidogo. Baada ya nyimbo mbili kasha lake la chuma huwa halishikiki kwa moto. Joto hilo ni zile wati ambazo mtu angesema zimepunguzwa.

Kwa hiyo aliyezungusha kitufe amepunguza sauti, na mwenye atenyueta amepunguza nguvu inayoifikia spika. Anayestahili kusema ameipunguza nguvu amplifaya yenyewe ni yule aliyeshusha volti zinazolisha valvu za mwisho.