Mnyama kunenepa bandani haimaanishi yuko sawa

Swali tunaloulizwa sana sisi wa afya ya wanyamapori ni hili: mnyama anakula, anakunywa, daktari yupo, hakuna wa kumuwinda, sasa kosa liko wapi? Mi huwa najibu usiangalie tumbo lake, angalia anavyotembea. Simama mbele ya banda la simba au dubu kama dakika kumi hivi, kimya. Ukiona anaenda hadi kona ileile, anageuza shingo vilevile, anarudi, anageuka tena, na pale kando ya uzio pameshakuwa kijia kigumu kisichoota hata jani, basi jua huyo hafanyi mazoezi, amebanwa akili. Tembo yeye huyumba kushoto kulia amesimama palepale, kasuku anajinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu.

Ila sio wote wanaumia sawa. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha kwamba wala nyama ambao porini huzurura eneo kubwa ndo wanaozungukazunguka sana wakifungiwa, na ndo watoto wao hufa zaidi. Dubu mweupe wa aktiki, banda lake la kawaida lilikuwa kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analotumia huko barafuni, yaani hata ukiliongeza mara mia bado. Tembo nao, utafiti wa 2008 ulikuta majike wa Afrika waliozaliwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya umri wao wa kati wa kuishi (yaani nusu yao hufa kabla ya hapo) ni miaka kama 17, wenzao wa mbuga ya Amboseli kule Kenya, ukitoa wale waliouliwa na watu, ni 56. Na hao wa bustanini walikuwa na chakula na dawa muda wote! Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tembo na dubu mweupe hawafai kufungiwa kwa ajili ya maonyesho, hata banda liwe zuri vipi.

Kuna kufungia kwingine nakutetea kabisa. Chura wa korongo la Kihansi hapa Tanzania, yule mdogo anayezaa badala ya kutaga, maji ya maporomoko yake yalipopunguzwa na bwawa la umeme wakachukuliwa kama 500 mwaka 2000 wakapelekwa Marekani, 2009 akatangazwa kutoweka porini, na 2012 vizazi vya wale waliofugwa wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Choroa wa Arabuni, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu, naye alirudishwa Oman 1982 kwa njia hiyohiyo. Hapo kufugwa kulikuwa na safari ya kurudi, hakukuwa kwa ajili ya tiketi.

Kinachoniuma kweli ni hizi selfi na watoto wa simba na chui. Yule mtoto ametolewa kwa mama yake mapema sana ili azoee mikono, na mama akishanyang'anywa anapata joto haraka anabebeshwa mimba nyingine, halafu mtoto akifikisha miezi michache ana kucha na meno hashikiki tena, biashara inahitaji mwingine. Muulize mwenye eneo wale wa mwaka jana wako wapi, na kama kuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa porini. Akianza kuzungukazunguka usilipe, usipige picha, na kama umeshapiga usiiposti maana hiyo ndo tangazo lao la bure.