Kutoka Ujiji hadi Kwihara kwa basi

Wageni wengi wanaofika Tabora kuuliza habari za njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, hutua kwa ndege, hupelekwa Kwihara kwa gari la kukodi, hupiga picha mbele ya tembe, nyumba ya udongo alimokaa mpelelezi Livingstone, kisha huondoka kabla jua halijazama. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimefundisha historia ya njia hiyo, huwaonea huruma kidogo, kwa kuwa wameoneshwa kambi moja wakaambiwa wameiona njia. Misafara ilipita ilipopita kwa sababu ya maji, chumvi, vivuko na watawala waliokuwa na nguvu ya kuifunga au kuifungua njia, na mambo hayo hayaonekani mtu akisimama mahali pamoja. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwapandisha basi la kawaida, lile linalosimama kila kijiji, nasi huanzia mwisho wa njia, yaani Ujiji.

Kutoka Mwanga, mjini Kigoma, daladala za Ujiji ni nyingi na safari ni fupi. Mnara unaokumbusha kukutana kwa mwandishi wa habari Stanley na Livingstone mwezi Novemba 1871 umesimama chini ya miembe ambayo ni vizazi vya mwembe wa zamani, kwani mwembe wenyewe ulikwisha kufa. Jambo linalowashangaza wanafunzi ni kwamba ziwa liko mbali na mnara, ilhali habari za wakati ule zinaeleza soko na mitumbwi iliyokuwa jirani kabisa. Maelezo yake yako ng'ambo ya pili ya ziwa. Tanganyika hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, ambao mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo miaka ya mwisho ya 1870 maji yalilipasua zuio hilo, uso wa ziwa ukashuka kwa mita kadhaa, na Ujiji ikaachwa juu ya nchi kavu. Bandari, na baadaye reli iliyofika Februari 1914, zikaenda Kigoma kwenye ghuba yenye kina.

Kutoka Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, waliotoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Desemba 1857, waliliona ziwa katikati ya Februari 1858. Basi, likiamka salama, humaliza mwendo huo kwa siku moja. Hata hivyo sikushauri uumalize kwa siku moja. Kata tiketi ya Uvinza kwanza, na umkumbushe konda mara mbili kwamba unashukia hapo, kwa maana mwaka mmoja nilimkumbusha mara moja tu, nikapitilizwa huku nimesinzia, na mchana wangu ukaishia kando ya barabara nikisubiri gari la kunirudisha.

Uvinza ndiyo moyo wa safari hii, ingawa vitabu vya watalii huipita kimya. Karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji chumvi, na uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa mwaka 1967 ulionesha kwamba watu walichemsha maji hayo kwa vyungu tangu karne ya tano au ya sita. Kwa maneno mengine, chumvi ya Uvinza ilikuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kufika ziwani. Kazi ilifanywa kiangazi, kwa sababu masika mito hufurika na maji ya chemchemi huchujuka. Watu walikuja kutoka mbali, wakajenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha, wakawalipa watawala wa Wavinza sehemu ya chumvi yao, wakarudi makwao na mizigo. Baadaye Wajerumani walijenga kiwanda hapohapo, na hadi leo chumvi bado inatoka Uvinza. Mama mmoja aliyeketi nami safari iliyopita, akiwa na mfuko wa chumvi miguuni, aliniambia, "Mwanangu, sisi hii tumeikuta kwa bibi zetu." Nilimwambia kwamba bibi zake nao waliikuta.

Hapa ndipo huwaeleza wanafunzi neno hongo. Leo neno hilo limeshuka hadhi, na mtu hulitamka kwa sauti ya chini. Karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru halali ambao msafara ulimlipa mwenye nchi kwa vitambaa na shanga ili upewe ruhusa ya kupita, maji na usalama. Stanley alilipa hongo kwa Wavinza kabla ya kuvushwa Malagarasi, na katika kuvuka huko punda wake mmoja alivutwa na mamba. Alipoingia Uha, nchi ya Waha, akadaiwa tena, na tena, hata akaamua kupenya porini usiku ili asidaiwe zaidi. Katika maandishi yake analalamika kama mtu aliyeporwa. Mimi naona kwamba waliotozwa ushuru wana haki ya kulalamika, lakini msomaji asisahau kuwa waliotoza walikuwa nchini mwao. Basi linaposimama kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, na abiria wenye magunia ya mkaa wakaanza kutazamana, somo hilo hujifundisha lenyewe.

Ukivuka Malagarasi, tazama mto kwa makini, maana ni eneo kubwa la ardhi oevu lililoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. Baada ya hapo ni miombo tu kwa saa nyingi, mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti, na wauza asali wakija dirishani kila basi linaposimama. Kaliua hatukai.

Urambo tunakaa kidogo, kwa sababu inabeba jina la Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya Tabora na Ujiji mwaka 1871 na kumlazimisha Stanley azunguke kusini. Barabara ambayo basi lako linapita bila kuuliza ndiyo ile ambayo Stanley hakuweza kuipita. Mirambo alifariki Desemba 1884, na baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja hapo na mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951. Siku hizi utaona mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku.

Ukifika Tabora, lala, kisha asubuhi chukua bodaboda hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Ukiwa umetoka Ujiji kwa barabara, utaielewa tembe ile kuliko aliyetoka uwanja wa ndege: kuta nene, ua wa ndani, vyumba vya kuhifadhi bidhaa, yote yakiwa ya watu waliojua kwamba mzigo uliobebwa begani na pagazi wa Kinyamwezi, wenye uzito wa kilo 30 hivi, ungeweza kulala hapo miezi mingi kabla njia haijafunguka. Livingstone na Stanley waliingia humo Februari 1872. Stanley akaondoka katikati ya Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi waliotumwa kutoka pwani hadi tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano. Bodaboda wako hatasubiri kiasi hicho, kwa hiyo patana naye nauli ya kwenda na kurudi kabla hajazima pikipiki.