Je, wajua kwa nini kumbukumbu za karne saba za Ayalandi ziliteketea mahakamani?

Mtu mwenye asili ya Ayalandi akianza kutafuta habari za mababu zake hufika mwaka 1901 bila taabu kubwa, kwa sababu sensa ya mwaka huo ipo, nyumba kwa nyumba, na hali kadhalika ile ya 1911. Akitaka kurudi nyuma zaidi ndipo njia inapokatika. Karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, pamoja na wosia za vizazi kadhaa na hati za utawala zilizoanzia Zama za Kati, ziliungua tarehe 30 Juni 1922 mjini Dublin, na mahali zilipoungulia ni ndani ya eneo la mahakama kuu za nchi, mahali paitwapo Four Courts. Ili kuelewa kwa nini hazina kubwa namna hiyo iliwekwa mahakamani, na kwa nini mahakama ikageuka uwanja wa vita, hatuna budi kuanza na jengo lenyewe.

Four Courts, yaani Mahakama Nne, imesimama ukingoni mwa mto Liffey, upande wa kaskazini, katika kiwanja kilichokuwa cha watawa wa Kidominiko kabla monasteri yao haijafungwa katika karne ya 16 na ardhi yake kukabidhiwa chama cha wanasheria kiitwacho King's Inns. Msanifu Thomas Cooley alianza ujenzi mwaka 1776 akiwa na nia ya kujenga ofisi ya kumbukumbu tu, lakini alifariki mwaka 1784, na kazi ikachukuliwa na James Gandon, ambaye ndiye aliyelipa jengo ukumbi wake wa duara na kuba kubwa inayoonekana kutoka mbali mtoni. Kuzunguka ukumbi huo Gandon alipanga vyumba vinne vya mahakama, kimoja kwa kila mahakama ya juu ya wakati ule: ya kwanza ilisikiliza mashauri ya Mfalme, ya pili ugomvi wa raia kwa raia, ya tatu mambo ya mapato ya serikali, na ya nne, iliyoongozwa na Chansela, ofisa mkuu wa sheria wa nchi, ilitoa nafuu pale ambapo sheria kali isingetenda haki. Majaji walianza kuketi humo mwaka 1796, ingawa jengo lilikamilika mwaka 1802. Mahakama hizo nne ziliunganishwa kwa sheria ya mwaka 1877, lakini jina halikubanduka.

Sasa tuje kwenye nyaraka. Katika mfumo wa sheria ambao Ayalandi iliurithi kutoka Uingereza, kumbukumbu ya mahakama si karatasi ya kuwekwa kabatini ikasahauliwa. Ni ushahidi, na mtu anayedai shamba kwa hoja ya hukumu ya miaka 200 iliyopita sharti aweze kuonyeshwa hukumu hiyo. Ndiyo maana mtunzaji mkuu wa hati za Chansela alikuwa yeye mwenyewe jaji. Hata hivyo hati zilikuwa zimetawanyika, nyingine katika mnara wa Kasri la Dublin, nyingine katika ofisi zenye unyevu, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1867 ya kuzikusanya zote mahali pamoja, chini ya usimamizi wa jaji huyo, kando ya mahakama. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa kipimo chochote cha wakati ule.

Ofisi mpya ilijengwa katika sehemu mbili. Ya mbele ilikuwa na chumba cha wasomaji na meza za makarani, na ya nyuma, iliyoitwa Hazina, ilikuwa na rafu za ghorofa kadhaa chini ya paa la kioo. Kati ya sehemu hizo mbili waliacha nafasi ya kuzuia moto, kwa kuwa walichokiogopa ni taa au jiko la upande wa makarani kuwasha moto ukavuka kwenda kwenye hati. Hakuna aliyewaza kwamba moto ungeanzia ndani ya Hazina yenyewe.

Mkataba wa Desemba 1921 kati ya viongozi wa mapambano ya uhuru na serikali ya London uliligawa jeshi la wapiganaji wa Ayalandi. Wapo walioukubali kama hatua ya kwanza, na wapo walioona kwamba kula kiapo cha utii kwa Mfalme wa Uingereza ni kuisaliti jamhuri waliyoipigania. Tarehe 14 Aprili 1922 kundi la wapinzani wa mkataba, Rory O'Connor na Liam Mellows wakiwa miongoni mwa viongozi wake, liliiteka Four Courts na kuifanya makao makuu. Walizuia madirisha kwa vitabu vizito vya sheria na majalada, na Hazina, kwa kuwa kuta zake zilikuwa nene, wakaigeuza ghala la silaha na karakana ya mabomu. Serikali ya mpito, iliyoundwa na walioukubali mkataba, ilivumilia kwa zaidi ya miezi miwili. Kisha, kwa shinikizo kubwa kutoka London, Michael Collins, mkuu wa serikali hiyo, akaazima mizinga kwa Waingereza, na alfajiri ya tarehe 28 Juni makombora yakaanza kurushwa kutoka ng'ambo ya mto.

Siku ya tatu, mchana, baruti na mabomu yaliyokuwa yamelundikwa yakalipuka. Iwapo ulikuwa mtego uliotegwa kwa makusudi au moto uliofika kwenye ghala, wanahistoria wanabishana hadi leo, na kila upande wa vita ulimlaumu mwenziwe. Matokeo yake hayana ubishi: paa la Hazina liliruka, rafu zikawaka kama tanuri, na vipande vya karatasi vilivyoungua nusu vikapeperuka juu ya mji, vingine vikaokotwa Howth, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki. Nafasi ile ya kuzuia moto ilifanya kazi yake, ila kinyume na ilivyokusudiwa. Sehemu ya wasomaji ilinusurika, na pamoja nayo hati chache ambazo kwa bahati zilikuwa zimetolewa rafuni na kuachwa mezani.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa ajili ya haki. Watu husema sensa zote za karne ya 19 ziliungua siku ile, na si kweli. Fomu za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe baada ya takwimu kujumlishwa, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Moto ulichukua nyingi, lakini makarani nao walichukua sehemu yao.

Kilichosalia kilisalia, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu hakikuwahi kufikishwa kwenye ile Hazina salama. Rejista za ubatizo na ndoa za Kanisa la Kianglikana zilikuwa zimetangazwa kuwa mali ya umma katika miaka ya 1870. Parokia zilizozipeleka Dublin zilizipoteza, wakati zile za makasisi waliopewa ruhusa ya kubaki nazo katika kasha imara zilinusurika. Rejista za Wakatoliki, ambao ndio wengi wa wananchi, hazikuguswa na sheria hiyo, basi zilibaki parokiani. Masijala ya hati za ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1708, ilikuwa katika mtaa wa Henrietta, mbali na mizinga. Wosia za asili ziliungua, lakini masijala za wilayani zilikuwa na desturi ya kunakili wosia katika vitabu vyao tangu mwaka 1858, na vitabu hivyo vikaokoka. Baada ya moto, wahifadhi waliwaomba mawakili wapekue makabati yao, na nakala zilizokuwa zimesahaulika katika majalada ya wateja zikaanza kurudi.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni pensheni ya wazee. Kuanzia Januari 1909 kila mwenye umri wa miaka 70 na kipato kidogo alistahili hadi shilingi tano kwa wiki, lakini angethibitishaje umri wake ilhali vizazi vyote nchini vilianza kuandikishwa mwaka 1864? Alijaza fomu, akataja majina ya wazazi wake na kijiji walichoishi alipokuwa mtoto, kisha karani akaenda kuipekua sensa ya 1841 au 1851 na kuandika alichokikuta: jina la baba, mama, watoto, na umri wa kila mmoja. Fomu hizo zipo. Kwa familia nyingi, mistari michache iliyonakiliwa kwa ajili ya shilingi tano ndiyo sehemu pekee ya sensa iliyobaki.

Mahakama zenyewe zilihamia kwanza jengo la King's Inns, kisha Kasri la Dublin, na sheria ya mwaka 1924 ikaunda mfumo mpya wa mahakama za taifa huru. Four Courts ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1932, kuba ikasimamishwa kwa zege, ingawa mapambo ya ndani ya Gandon hayakurudishwa yote. Mahakama ya Juu ya nchi bado inaketi hapo. Mawakili wa Dublin wanaosimama kutetea kesi mahakamani, ambao kwa desturi hawana ofisi za ushirika, bado wanafanyia kazi katika maktaba yao ya sheria.

Mwaka 2022, moto ulipotimiza miaka mia moja, Chuo cha Trinity cha Dublin na washirika wake walizindua Hazina ya kidijitali inayokusanya nakala, dondoo na tafsiri zilizotawanyika London, Belfast na kwingineko. Ramani yao ni orodha iliyochapishwa mwaka 1919 na Herbert Wood, ofisa wa kumbukumbu aliyeandika kwa uangalifu mkubwa kilichokuwamo katika Hazina, miaka mitatu tu kabla ya kuungua.