Arobaini na wiki ya sita: mama anaporudi nyumbani baada ya kisukari cha ujauzito

Karibu kila mama niliyemtibu kisukari cha ujauzito huniuliza swali lile lile siku anapojiandaa kuruhusiwa: "Daktari, si nimepona sasa?" Ana sababu ya kuuliza. Sukari aliyokuwa akiipima kwa kujichoma kidole mara nne kwa siku imeshuka ndani ya siku moja au mbili baada ya kujifungua, insulini imesimamishwa, mtoto ananyonya, na ndugu wameshafika na chupa ya uji. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia, na katika miaka yangu kwenye kliniki ya kisukari hapa Dar es Salaam nimelibadilisha mara kadhaa. Zamani lilihusu chakula na mazoezi, na nililielekeza kwa mama peke yake. Siku hizi sehemu kubwa ya jibu hilo namwelekezea yule aliyeshika chupa ya uji.

Nianze na kilichotokea mwilini. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie kama kawaida insulini, ambayo ndiyo hushusha sukari kwenye damu, ili sukari ya kutosha imfikie mtoto aliye tumboni. Kwa wanawake wengi kongosho hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi, na sukari ya mama haipandi kupita kiasi. Kwa mama aliyepata kisukari cha ujauzito, kongosho lilijitahidi likafika mwisho wa uwezo wake. Kondo la nyuma linapotoka mzigo huondoka na sukari hushuka, lakini kongosho ni lile lile. Huwa nawaambia wagonjwa wangu kwamba lori lililokwama mlimani likishushwa mzigo litapanda, ila injini yake haijaguswa na fundi.

Ndiyo maana neno "kupona" linanipa shida. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliounganisha tafiti 20 zenye wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito ana uwezekano wa karibu mara 10 wa kupata kisukari cha aina ya pili, akilinganishwa na mwanamke ambaye sukari yake haikupanda alipokuwa mjamzito. Namkumbuka mama mmoja, muuza vitenge, aliyenirudia baada ya miaka minne akiwa na fangasi za sehemu za siri zisizosikia dawa, kiu, na kukojoa usiku kucha. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa milimoli 13 kwa lita. Katika miaka hiyo minne alikuwa amefika kliniki si chini ya mara kumi, kila mara akiwa amembeba mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyempima yeye.

Habari njema ni kwamba hatari hii inapunguzika, na ushahidi wake ni wa siku nyingi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2002, washiriki waliokuwa na sukari iliyoanza kupanda walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliowahi kupata kisukari cha ujauzito, na kwao mpango huo ulipunguza uwezekano wa kuugua kwa takribani nusu. Dawa ya metiformini nayo iliwasaidia kwa kiwango kinachokaribia hicho.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo wanaoutaja utafiti huo hulipita haraka. Wanawake wale walikuwa wamejifungua miaka mingi kabla, kwa wastani miaka 12. Watoto wao walikuwa shuleni. Mpango wa namna hiyo ulipojaribiwa kwa kina mama waliojifungua karibuni nchini India, Bangladesh na Sri Lanka, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliopewa mpango na wasiopewa. Kwangu mimi hilo halimaanishi kwamba chakula na mwendo havina kazi. Linamaanisha kwamba mwanamke asiyelala usiku, ambaye hapiki mwenyewe wala hapangi siku yake, hawezi kubadilishwa na mafunzo peke yake, hata yawe mazuri kiasi gani.

Kwetu mama mzazi hapiki. Kwa siku 40 hupikiwa, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, naye hutakiwa ale na apumzike. Pwani atapewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Kwa wenyeji wa Kilimanjaro atapewa mtori. Na kila mahali atapewa chai ya maziwa. Sina ugomvi na desturi hii, tena naiheshimu, kwa sababu inampa mwanamke mapumziko ambayo katika nchi nyingi zilizoendelea hayapati. Shida yangu ni ndogo na ina mahali pake maalumu, nayo ni sukari inayotiwa kwenye uji na chai, pamoja na soda na juisi za paketi ambazo wageni huja nazo kumpongeza. Kikombe kimoja cha uji chenye vijiko vitatu vya sukari kina takribani gramu 12. Mama akimaliza vikombe vitano kwa siku, ameshakula gramu 60, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kwa mtu mzima sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi, na ikiwezekana iishie 25. Hapo bado hajagusa soda, ambayo chupa moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi.

Siku moja wodini bibi wa mtoto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, maziwa yatatoka wapi asipokunywa uji?" Nikamjibu, "Mama, uji anywe. Tunaondoa sukari, uji tunauacha." Tukazungumza kwa utaratibu kwamba maziwa huitwa na mtoto anavyonyonya, kwamba titi linalonyonywa mara kwa mara ndilo linalojaa, na kwamba mama anahitaji maji na chakula cha kutosha, lakini sukari ya kwenye kikombe haiongezi maziwa hata tone. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitatia maziwa na pilipili manga, na iliki ipate kunukia." Tangu hapo sijawahi kumwambia mama mzazi akatae chakula. Atakikataaje, na aliyekileta ni mama mkwe wake? Ninayezungumza naye ni yule ashikaye mwiko jikoni.

Lazima nikiri kwamba zamani nilikuwa natoa karatasi ya ushauri iliyotajwa ndani yake shayiri, tufaha na brokoli. Mama mmoja alinieleza kwa upole kwamba karatasi yangu ilikuwa nzuri sana, na kwamba ilikuwa imefungia maandazi. Sasa nachora sahani tu. Nusu ya sahani ni mchicha, matembele, kisamvu au bamia. Robo ni maharage, dagaa, samaki au yai. Na robo inayobaki ni ugali, wali, ndizi au muhogo. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina makapi yanayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, ingawa nayo ni wanga, na mlima wa dona utapandisha sukari kama mlima mwingine wowote. Embe liliwe kama embe, lisigeuzwe glasi ya juisi iliyobeba maembe matatu.

Kunyonyesha nako ni sehemu ya tiba ya mama mwenyewe, jambo ambalo tunalitaja mara chache kwa sababu macho yote yapo kwa mtoto. Utafiti uliofanyika California kwa wanawake zaidi ya 1,000 waliopata kisukari cha ujauzito, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba walionyonyesha kwa wingi na kwa muda mrefu walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari ndani ya miaka miwili, kwa kiwango cha kati ya theluthi moja na zaidi kidogo ya nusu, wakilinganishwa na waliowapa watoto maziwa ya kopo. Lakini kina mama hawa hawa ndio ambao maziwa yao yanaweza kuchelewa kushuka, na ndio ambao watoto wao hufuatiliwa kwa karibu sukari isishuke baada ya kuzaliwa. Wakiachwa bila mkunga wa kuwasaidia kumweka mtoto titini katika siku tatu za kwanza, kopo huingia nyumbani, na likishaingia halitoki kirahisi.

Kuhusu uzito, nazungumza kwa tahadhari, kwa kuwa ni eneo ambalo lugha yetu yenyewe inanipinga. Mama mzazi aliyenenepa huambiwa "umenawiri", na sifa huenda kwa mume na kwa waliomuuguza. Anayepungua huulizwa kama ana matatizo nyumbani, au hunong'onwa vibaya zaidi. Kwa hiyo sisemi "punguza unene". Nasema kwamba kwa mama mwenye kilo 80, kupungua kilo tano na nusu katika muda wa miezi, polepole, bila kujinyima wakati ananyonyesha, kunalipumzisha kongosho kwa kiasi kinachopimika. Naye mume huambiwa hayo hayo mbele ya mkewe, ili baadaye asije akasema mke wake anakonda kwa mawazo.

Mume ana kazi nyingine pia, nami humpa kazi hiyo kwa kipimo: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, amshike mtoto ili mama atembee. Nikisema "umsaidie mkeo" hukubali na kusahau. Nikisema "nusu saa baada ya magharibi" hukumbuka. Kutembea kwa miguu kunatosha, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Aliyejifungua kwa upasuaji huanza na hatua chache za ndani na kuongeza kidogo kidogo, na mazoezi mazito husubiri mpaka kidonda kikaguliwe. Wapo wanaoniambia kwamba hawana pa kutembelea, nami huwauliza ni mara ngapi wamepanda bodaboda kwenda gengeni ambako bibi zao wangekwenda kwa miguu na kurudi na ndoo ya maji kichwani.

Sasa nifike kwenye kipimo, ambacho kwa maoni yangu ndicho tunachokipoteza kirahisi kuliko vyote. Mama aliyepata kisukari cha ujauzito anatakiwa kupimwa upya kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Hufika bila kula tangu usiku, hupimwa, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha hupimwa tena baada ya saa mbili. Kipimo cha kwanza kikifika milimoli 7.0 kwa lita, au cha pili 11.1, ana kisukari. Kikiwa chini ya hapo, lakini cha kwanza kimefika 6.1 au cha pili 7.8, sukari imeanza kupanda, na huyo ndiye ambaye juhudi zote nilizozitaja zitamfaa zaidi. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakiaminiki sana wakati huu, kwa sababu ujauzito na damu iliyopotea wakati wa kujifungua hubadilisha umri wa chembe nyekundu ambazo kipimo hicho huzitegemea.

Wengi hawarudi kupimwa. Hata hivyo, katika wiki ya 6 mama huyo huyo huwa yupo kliniki na mtoto kwa ajili ya chanjo, kisha wiki ya 10, ya 14, na tena miezi 9 kwa chanjo ya surua. Wenzetu wa Afrika Kusini, huko Cape Town na Soweto, walijaribu kuunganisha kipimo cha mama na ziara ya mtoto ya wiki ya 6, nami nililichukua wazo hilo kwa sababu linaingia vizuri kwenye hesabu yetu wenyewe. Arobaini huisha siku ya 40. Wiki ya 6 hutimia siku ya 42. Siku ile mama anatolewa nje rasmi, familia nzima inajua tarehe yake, hivyo simwambii "wiki ya sita", namwambia "ukitoka arobaini, kabla ya kunywa chai". Foleni ya chanjo yenyewe hula saa mbili, kwa hiyo muda wa kusubiri kipimo cha pili haumpotezei kitu, na mtoto anaweza kunyonya muda wote huo.

Matokeo yakiwa mazuri, hurudi kupimwa kila mwaka, au asikose kila baada ya miaka mitatu, na pia kabla ya kushika mimba nyingine, kwa kuwa takribani nusu ya wanawake hawa hukipata tena kisukari katika ujauzito unaofuata. Mazungumzo ya uzazi wa mpango huingia hapo yenyewe. Matokeo yakiwa ya katikati, hupimwa kila mwaka bila kuruka, na kwa baadhi yao tunaijadili metiformini.

Kadi ya mama hufungiwa kabatini ujauzito ukiisha, lakini kadi ya mtoto hubebwa kila mahali kwa miaka mitano. Kwa hiyo, siku ya kumruhusu, naomba kadi ya mtoto, na kando ya tarehe za chanjo naandika kwa wino mwekundu: "Mama apimwe sukari." Muuguzi wa chanjo ambaye hajawahi kuniona huyasoma maneno hayo, na mara nyingi humtuma mama kwangu akiwa bado hajanywa chai.